Nyuzi za Joto Chula: Historia Fupi ya Vipimo Viwili na Funzo Lake kwa Walimu wa Kiswahili

Walimu wengi wa Kiswahili tumezoea kuwaachia wenzetu wa sayansi habari za vipimo. Hata hivyo, nyuzi za joto zinapoingia katika sentensi, zinakuwa pia jukumu la mwalimu wa lugha na la mfasiri. Katika makala hii fupi tunakusudia kuonyesha jambo hilo kwa kutumia historia ya Chula, kisiwa kimojawapo cha Visiwa vya Bajuni, kusini mwa Kismayo nchini Somalia. Tumechagua Chula kwa sababu kati ya 1925 na 1950 utawala wa pwani hiyo ulibadilika mara tatu, na pamoja nao ukabadilika utaratibu wa kuandika joto.

Joto kabla ya kipimajoto

Mvuvi wa Chula hakuhitaji namba ili ajue joto. Alikuwa na kaskazi, ambayo huleta miezi ya joto kali, na kusi, ambayo huipoza hewa na kuichafua bahari. Pwani nzima ilikuwa na msamiati wa kutosha: hari, fukuto, vuguvugu, baridi, kipupwe. Katika Kibajuni, sauti t ya Kiswahili sanifu mara nyingi hutokea kama ch: mtu ni mchu, tatu ni chachu, moto ni mocho. Badiliko hilo hufuata kanuni, na maana haipotei. Vipimo vya joto navyo ni hivyo hivyo: hali moja huandikwa kwa namba mbili, na anayeijua kanuni huweza kutoka kwenye namba moja kwenda kwenye nyingine.

Asili ya vipimo viwili

Daniel Gabriel Fahrenheit alieleza kipimo chake mwaka 1724. Kwa kipimo hicho maji huganda kwenye nyuzi 32 na huchemka kwenye nyuzi 212. Mwaka 1742 Anders Celsius wa Sweden aligawa nafasi hiyohiyo katika sehemu 100. Yeye aliweka 0 penye kuchemka na 100 penye kuganda. Mpangilio huo uligeuzwa baadaye. Kipimo chake kilijulikana kama sentigredi hadi mwaka 1948, jina la Selsiasi lilipokubaliwa rasmi kimataifa.

Mpaka uliohama

Jubaland, ambamo Chula imo, ilikuwa chini ya Waingereza katika Himaya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1895. Kwa mkataba wa Julai 1924 Uingereza ilikubali kuipa Italia eneo hilo, na makabidhiano yakafanyika Juni 1925. Februari 1941 majeshi ya Uingereza yaliiteka Kismayo. Mwaka 1950 Italia ilirudi kama mdhamini chini ya Umoja wa Mataifa, hadi uhuru wa Julai 1, 1960. Watu wa Chula walibaki kisiwani mwao. Mpaka ndio uliohama.

Waingereza wa zama hizo walipima kwa Farenhaiti, na Waitalia kwa sentigredi. Hivyo basi, baada ya 1925, homa iliyoandikwa nyuzi 104 upande wa Kiunga, nchini Kenya, ingeandikwa nyuzi 40 upande wa Kismayo. Wagonjwa hao wawili, pengine mtu na binamu yake, wangekuwa na joto lilelile. Kenya nayo iliingia katika vipimo vya metriki baada ya uhuru wake.

Kanuni ya kubadilisha

Kati ya kuganda na kuchemka kwa maji mna nyuzi 100 za Selsiasi na nyuzi 180 za Farenhaiti. Kwa hiyo kila nyuzi 5 za Selsiasi ni sawa na nyuzi 9 za Farenhaiti. Kutoka Selsiasi, tunazidisha kwa 9, tunagawanya kwa 5, kisha tunajumlisha 32: nyuzi 30 zinakuwa 86. Kutoka Farenhaiti, tunatoa 32 kwanza, kisha tunazidisha kwa 5 na kugawanya kwa 9: nyuzi 104 zinakuwa 40.

Hapa pana tahadhari. Mwaka 1868 daktari Mjerumani Carl Wunderlich alichapisha kitabu kilichotaja 37 za Selsiasi kuwa joto la kawaida la mwili. Namba hiyo ilipobadilishwa ikawa 98.6, na desimali ile ikawafanya wengi waidhanie kuwa na uhakika mkubwa kuliko iliokuwa nao. Vipimajoto vya Kiingereza vilitiwa alama kwenye 98.4. Mtu mwenye afya hupanda na kushuka joto katika siku moja.

"Hadi" na "kwa"

Kosa kubwa zaidi ni la lugha. Tulinganishe: "Joto limepanda hadi nyuzi 2" na "Joto limepanda kwa nyuzi 2". Sentensi ya kwanza hutaja mahali joto lilipofika. Kwa Farenhaiti ni 35.6. Ya pili hutaja ongezeko, ni 3.6, kwa kuwa 32 haijumlishwi. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ya magharibi ilipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe mengi yakapauka na kufa. Ongezeko la nyuzi 1 tu ya Selsiasi juu ya kilele cha kawaida, likidumu majuma kadhaa, latosha kuyapausha. Mfasiri akiliandika ongezeko hilo kuwa nyuzi 33.8 za Farenhaiti badala ya 1.8, basi bahari ya nyuzi 28 za Selsiasi ameifikisha karibu 47.

Hitimisho

Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Kenya, na baadhi yao wakafika Uingereza na Marekani. Huko Marekani Farenhaiti bado ni kipimo cha kila siku. Tuchukue mfano wa mama anayeambiwa amlete mtoto hospitali joto likifika 102. Mfasiri akiandika "nyuzi 102" bila kutaja kipimo, mama mwenye kipimajoto cha Selsiasi atangoja namba isiyofika kamwe, ilhali mtoto amekwisha kupita 38.9.

Mfasiri huyo huenda ni mwanafunzi wetu. Tunapendekeza basi kwamba katika masomo ya tafsiri kila namba ya joto iandikwe pamoja na jina la kipimo chake, na wanafunzi wapewe mazoezi ya "hadi" na "kwa" kabla ya kuruhusiwa kugusa kikokotoo.