Majina ya Miji na Vijiji vya Kislavoni Yanayofanana: Maana, Tofauti na Uandishi

Majina ya mahali ya Kislavoni ni majina ya miji, vijiji na mito katika nchi ambamo lugha za Kislavoni huzungumzwa, zikiwamo Urusi, Ukraine, Belarus, Poland, Ucheki, Slovakia, Slovenia, Kroatia, Serbia na Bulgaria. Mengi ya majina haya hufanana kwa sauti na kwa maandishi, na mara nyingine jina moja hubebwa na makazi kadhaa yaliyo mbalimbali. Mwandishi au mfasiri wa Kiswahili asipozijua tofauti zake anaweza kulipeleka tukio katika nchi lisikotokea.

Sababu za kufanana

Sababu ya kwanza ni asili moja ya lugha. Kirusi, Kipolandi, Kicheki, Kiserbia na nduguze zilitokana na lugha mama moja, kwa hiyo maneno ya msingi kama mji, kijiji, mpya na eupe yana mizizi inayolingana.

Sababu ya pili ni desturi ya kupaita mahali kwa kile kinachoonekana hapo. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili, kwa kuwa Mbuyuni, Mwembeni na Kilimani zimejaa katika nchi zake, wala hakuna aliyemwiga mwenzake. Waslavoni nao waliuangalia mti uitwao lipa wakapata Lipetsk nchini Urusi na Lipsk, mji mdogo wa kaskazini-mashariki mwa Poland. Hata Leipzig, mji mkubwa wa Ujerumani, ulipata jina lake kwa mti huohuo, na Wapolandi huuita Lipsk hadi leo. Vivyo hivyo, neno gorica, yaani kilima kidogo, limo katika Podgorica, mji mkuu wa Montenegro, ambao maana yake ni "chini ya kilima", na katika Nova Gorica ya Slovenia.

Sababu ya tatu ni uhamaji. Watu waliohama walibeba jina la kwao wakalipachika ugenini.

Mzizi wa "mpya"

Sifa yenye maana ya "mpya" huonekana kwa maumbo nov-, now- na nav-. Ikiunganishwa na neno la kijiji, hutoa Nowa Wieś kwa Kipolandi, Nová Ves kwa Kicheki na Kislovakia, Nova Vas kwa Kislovenia na Novo Selo kwa Kibulgaria na Kiserbia. Yote yana maana ya "kijiji kipya", na kila moja hubebwa na vijiji vingi. Ndiyo maana mara nyingi huongezewa neno la kutofautisha: Spišská Nová Ves ni mji wa Slovakia katika eneo la Spiš, ilhali Moravská Nová Ves imo Moravia, nchini Ucheki.

Mzizi wa "mji"

Neno grad la Waslavoni wa kusini ni gród kwa Kipolandi, hrad kwa Kicheki, gorod kwa Kirusi na horod katika majina ya Kiukraine. Maana yake ya kale ni mahali palipozungushiwa ukuta au ua wa kujihami, na neno la Kiswahili lililo karibu nayo zaidi ni boma. Baadaye maana ilipanuka ikawa mji katika baadhi ya lugha hizo, lakini kwa Kicheki hrad hadi leo ni ngome.

Mzizi huu ukiungana na "mpya" huleta familia ya Novgorod. Veliky Novgorod, yaani Novgorod Kuu, uko kaskazini-magharibi mwa Urusi kando ya mto Volkhov, na ulipewa rasmi sifa hiyo ya "kuu" mwaka 1999. Nizhny Novgorod, yaani Novgorod ya Chini, ni mji mwingine kabisa. Ulianzishwa mwaka 1221 mahali mto Oka unapoingia Volga, na kati ya 1932 na 1990 uliitwa Gorky. Kwa hiyo "Novgorod" peke yake haitoshi. Pia kuna Novhorod-Siverskyi nchini Ukraine, Navahrudak nchini Belarus na Novigrad nchini Kroatia.

Ukiungana na "eupe", mzizi huu hutoa Beograd, mji mkuu wa Serbia. Belgorod, nchini Urusi karibu na mpaka wa Ukraine. Białogard, nchini Poland. Biograd na Moru, yaani "Biograd kando ya bahari", nchini Kroatia. Na Bilhorod-Dnistrovskyi, nchini Ukraine. Mji huu wa mwisho Waturuki waliuita Akkerman, jina lenye maana ya "ngome nyeupe". Waliotafsiri jina walikuwa wengi, na weupe ukabaki.

Pereyaslavl tatu

Mfano bora wa jina lililosafiri na wahamaji ni Pereyaslavl. Pereiaslav ya Ukraine ni mji wa kale kusini-mashariki mwa Kyiv. Pereslavl-Zalessky, yaani Pereslavl ya "ng'ambo ya msitu", ulianzishwa mwaka 1152 katika nchi ambayo sasa ni Urusi. Wa tatu ni Pereyaslavl-Ryazansky, uliobadilishwa jina mwaka 1778 na leo huitwa Ryazan. Katika miji yote mitatu hupita mto uitwao Trubezh, au Trubizh kwa Kiukraine. Wahamaji hawakubeba jina la mji pekee. Walibeba na la mto.

Katyn na Khatyn

Katika majina yote yanayofanana, jozi hii ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa kila jina ni kumbukumbu ya mauaji.

Katyn ni kijiji cha Urusi, magharibi mwa mji wa Smolensk. Katika msitu ulio karibu nacho, polisi wa siri wa Kisovieti waliwaua maelfu ya maafisa wa jeshi la Poland waliokuwa mateka, katika majira ya kuchipua ya mwaka 1940. Pamoja na waliouawa mahali pengine kwa amri hiyohiyo, idadi yao ilifika takribani 22,000. Serikali ya Kisovieti iliwasingizia Wajerumani kwa miongo kadhaa, ikakiri tarehe 13 Aprili 1990.

Khatyn kilikuwa kijiji cha Belarus, kaskazini mwa Minsk. Tarehe 22 Machi 1943, vikosi vilivyotumikia Ujerumani ya Wanazi viliwafungia wanakijiji ghalani na kulitia moto. Watu 149 waliuawa, 75 kati yao wakiwa watoto. Kijiji hakikujengwa tena. Mahali pake pana makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1969, yenye makaburi ya ishara ya vijiji vingine 185 vilivyoteketezwa pamoja na watu wake.

Anayechanganya majina haya huwabadilisha wauaji na waliouawa kwa wakati mmoja. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa Kiswahili, kwa sababu sauti kh imezoea kugeuka. Khamis na Hamisi ni jina moja, na khabari ilikuwa habari bila kupoteza maana. Hapa sivyo: kh ndiyo inayotenga mahali na mahali, na haipaswi kurahisishwa.

Mwongozo wa uandishi

1. Lisitafsiriwe jina. Andika "Nowa Wieś", kisha eleza maana ikihitajika. Usiandike "Kijiji Kipya" kana kwamba ndilo jina.

2. Neno la kutofautisha lisiachwe. Rostov-na-Donu, yaani Rostov kando ya mto Don, si Rostov Veliky ulio kaskazini-mashariki mwa Moscow.

3. Taja nchi au mto jina linapotokea mara ya kwanza: "Ústí nad Labem, mji wa Ucheki kando ya mto Labe".

4. Fuata umbo linalotumika sasa katika nchi husika. Vladimir ni mji wa Urusi. Volodymyr ni mji wa Ukraine.

5. Upatanisho wa kisarufi hufuata nomino inayodokezwa: "Belgorod uko mpakani" (mji), "Khatyn kiliteketezwa" (kijiji). Palipo na shaka, nomino itajwe waziwazi: "kijiji cha Khatyn kiliteketezwa".