Mgeni Aliyepewa Jembe

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba mtu akishashika kazi si mgeni tena, bali amekuwa wa nyumbani. Lakini je, msomaji, kushika jembe la mwingine kwatosha kumpa mtu haki ya kukaa? Historia ya Mau Narok, katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, yatupa jibu chungu.

Hapo kale malisho hayo yalikuwa ya Wamasai. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Serikali ya Kiingereza iliwaondoa Wamasai katika Bonde la Ufa, na kwa yale ya 1911 ikawaondoa Laikipia. Nchi ikagawiwa walowezi wa Kizungu.

Shamba lisilo na watu wa kulilima ni pori tu. Basi Wakikuyu wengi wakatoka Kiambu, Murang'a na Nyeri, pamoja na jamaa na mifugo yao, wakaenda kufanya kazi kwa walowezi. Kila mmoja alipewa kipande cha kulima na mahali pa kulisha. Watu hao waliitwa maskwota. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wamtumikie mwenye shamba siku 180 kwa mwaka.

Usidhani kwamba walibaki watu wa jembe tu. Miaka ilipopita, wengine wakawa stadi wa kukama ng'ombe wa maziwa, wa kuendesha matrekta na wa kukausha pareto. Watoto wao walizaliwa mashambani, wasijue kwao kwingine. Hata hivyo, ustadi haukuwapa haki. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mifugo yao iliondolewa kwa nguvu, nao wakaliita jambo hilo "kifagio". Kisha sheria ya 1937 ikakaza fundo: skwota si mpangaji, ni mtumishi, mkataba ukiisha, ukaaji nao umekwisha. Halmashauri za walowezi zikapewa uwezo wa kupunguza mifugo yao na kuongeza siku za kazi hadi 270. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, maelfu ya Wakikuyu walifukuzwa mashambani.

Fikiri maana yake. Mtu ambaye makao yake yamo mkononi mwa mwajiri hathubutu kudai ujira wa haki, kwa kuwa akipoteza kazi apoteza na nyumba.

Mwaka 1962 ulianza Mpango wa Ekari Milioni, na baadhi ya maskwota wakapata ardhi. Wengi hawakupata; na madai ya Wamasai juu ya Mau Narok hayakuzimika.

Sasa linganisha na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 juu ya uraia na uhamiaji. Mgeni wa nchi nyingine aliyekuwa na kibali cha kazi kwa miaka saba, na kukaa nchini mfululizo miaka mitatu kabla ya kuomba, aweza kuomba ukaaji wa kudumu. Hapo miaka ya kazi yahesabiwa, na akikubaliwa, kukaa kwake hakutegemei tena hiari ya mwajiri mmoja. Skwota, aliyekuwa mzaliwa wa nchi hii hii, hakuhesabiwa hata mwaka mmoja.

Basi ampaye mgeni jembe na amwonyeshe pia mahali pa kujenga.