UANAGENZI MJINI KWETU: NI NANI HUMLISHA MWANAFUNZI WA KAZI?

Ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi wadogo zetu mlioko madarasani,

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike juu ya historia ya mji wetu. Sitaandika habari za majengo. Nitaandika juu ya jambo linalowagusa vijana wa Morogoro kila mwaka wanapomaliza mitihani, yaani njia ya kijana kujifunza kazi kwa fundi mdogo.

Uanagenzi si jambo geni kwetu. Tangu zamani, katika miji ya pwani, kijana aliyetaka ushonaji, useremala au uashi alipelekwa na mzazi kwa fundi. Alifagia, akabeba maji, akatazama, ndipo akashika chombo. Alipofuzu, fundi alipewa kilemba, yaani zawadi ya shukrani. Desturi hii ilikuwa na faida kubwa, kwani ujuzi haukukatika. Lakini muda wote huo mwanagenzi alilishwa na nani? Alilishwa na wazazi wake, au alikaa nyumbani kwa fundi. Aliyekosa yote mawili hakujifunza.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Biashara ikakua, na mafundi wadogo wakaongezeka pamoja na mji. Swali letu nalo likakua.

Baada ya Uhuru, Serikali ilijaribu kulijibu. Jibu la kwanza lilikuwa viwanda vikubwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 mji wetu ulipata viwanda vya ngozi, viatu, turubai na vinginevyo. Kijana aliyeajiriwa humo alijifunza kazi huku akipokea mshahara. Kwa bahati mbaya, jibu hilo halikudumu. Kiwanda cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Hakikufikia hata sehemu moja ya kumi ya uwezo huo, kikafungwa mwaka 1990.

Jibu la pili lilikuwa taasisi. Mwaka 1973 Bunge lilianzisha SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Mwaka 1974 ikapitishwa sheria ya mafunzo ya ufundi, na mwaka 1994 ikaundwa VETA, ambayo chuo chake cha kufundishia walimu wa ufundi stadi kipo hapa hapa Morogoro. Sheria hiyo ya 1994 iliweka tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ikilipwa na waajiri wenye watumishi wanne au zaidi. Fundi mwenye vijana wawili chini ya mwembe hakutozwa, lakini pia hakuhesabiwa kuwa mwalimu, ingawa vijana wengi walikuwa mikononi mwake.

Naomba ruhusa nieleze yaliyonipata mwenyewe. Tulipomaliza kidato cha nne, mwishoni mwa miaka ya 1990, mimi na mwenzangu wa bwenini tulikwenda kwenye karakana moja ya useremala, Mji Mpya, tukajifunze wakati tukisubiri matokeo. Mwenzangu alikuwa na mguu mmoja uliopooza tangu utotoni, akitembea kwa gongo. Fundi alitupokea vizuri. Alituambia, "Wanangu, kazi nitawafundisha, lakini chakula cha mchana sina. Hata mimi hula siku mteja akilipa."

Mwenzangu alinizidi mbali. Mimi nilipoharibu ubao, yeye alikwisha kujua kunoa randa na kuunga miguu ya meza isiyotikisika. Lakini alikaa Bigwa, na kwa mguu ule asingeweza kutembea hadi Mji Mpya kila siku. Nauli ilimshinda. Baada ya wiki tatu hakuja tena. Mimi nilibaki kwa sababu moja tu: mjomba alikuwa na duka karibu, nami nikila kwake kila mchana. Leo mimi ni mtumishi wa Serikali nisiyejua kupiga randa, na yeye anauza ndizi, akiwa amekalia kiti alichokitengeneza katika wiki zile tatu. Kila nikipita hapo hutaniana nami, lakini naona haya.

Mengi yamefanyika tangu wakati huo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Kuanzia mwaka 2016/17, Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi imewagharimia vijana wengi mafunzo ya uanagenzi, na imewapa vyeti mafundi waliojifunza nje ya vyuo. Mikopo ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu iliwekwa katika sheria mwaka 2018, ikasimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Hayo yote ni mema. Hata hivyo, karakana ya watu watatu haifikiwi na sheria ya waajiri wa watu 20, na mkopo wa kikundi haumpi mwanagenzi nauli ya kesho asubuhi.

Historia hii inanifundisha kwamba mji wetu haujawahi kukosa mafundi wala vijana wenye bidii. Kilichokosekana ni posho ya miezi ile ya kwanza, wakati kijana hajaweza kuzalisha na fundi hana cha kumpa. Bila posho, uanagenzi huwachagua wenye wajomba.

Kwa hiyo natoa hoja. Chama chetu kitenge fungu dogo la nauli na chakula kwa vijana wa shule yetu watakaojifunza kwa mafundi wa mjini wakisubiri matokeo, na tuanze na wenye ulemavu na wasio na wa kuwalisha. Wenzetu wenye karakana na maduka wawapokee. Zamani aliyefuzu alitoa kilemba. Sisi tumefuzu, na wengi wetu hatujatoa chetu.

Naomba hoja hii ijadiliwe kwenye mkutano wetu mkuu.