Shamba la Bibi

Mwaka 1973, nikiwa mwanachuo katika Chuo cha Ualimu pale Kigurunyembe, alikuja mgeni kutoka Namibia kutuzungumzia. Alikuwa mpigania uhuru wa SWAPO aliyepitia kambi ya Kongwa, ile iliyofunguliwa mwaka 1964. Tulitegemea habari za bunduki na makaburu. Yeye alichukua chaki akachora pwani ndefu, akatueleza jangwa la Namib. Kule mvua yaweza kukosekana miaka, lakini mkondo wa maji baridi wa bahari ya Atlantiki huleta ukungu alfajiri. Mende wa jangwani hupanda kilima cha mchanga, akainamisha kichwa na kuinua makalio, mpaka matone ya ukungu yateremke mgongoni yamfikie mdomoni. Darasa zima lilicheka.

Kisha akachora duara upande wa kaskazini, akasema hii ni Etosha, ina simba na tembo, na uwanda wa chumvi usio na mwisho. "Mimi sijaiona," akasema. "Wasani waliokuwa wakiishi mle waliondolewa mwaka 1954. Mtu mweusi aliingia kufanya kazi, si kutazama." Niliandika hayo daftarini, nikayasahau.

Niliyakumbuka mwaka 1986, nikiwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi hapa Ngerengere. Tuliazima lori la shamba la mkonge, tukawapeleka watoto wa darasa la sita Mikumi. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya Iringa inaikata katikati, hivyo hata maskini anaweza kuona twiga kwa nauli ya basi. Niliwaeleza watoto kwamba kusini ya Mikumi pori linaendelea mpaka Selous, ambayo wenyeji huiita Shamba la Bibi, kwa kuwa husimuliwa kwamba Kaisari wa Ujerumani alimpa mkewe kama zawadi. Msichana mmoja akanyosha mkono. "Mwalimu, bibi yangu anasema kule chini ya Kisaki kulikuwa na shamba lake. Sasa ni bibi yupi?"

Wenzake waliangua kicheko. Mimi nilijibu kwa sauti ya mwalimu: pori lile halijapata kukaliwa na watu. Tuendelee.

Ndugu msomaji, jibu lile lilikuwa la uongo, ingawa wakati ule sikujua. Nilikuwa nikirudia nilichofundishwa. Nilipostaafu ndipo nilipata muda wa kusoma, na kila nilichosoma kilimrudisha yule mtoto mbele yangu.

Chukua Zungomero, karibu na Kisaki. Burton na Speke walipopita mwaka 1857 walikuta kituo kikubwa cha misafara katika nchi ya Wakutu. Watu walilima, waliuza chakula kwa wapagazi, na walitekwa pia kuwa watumwa, maana biashara ile haikuwa ya pembe peke yake. Wajerumani walipokuja walitunga kanuni za uwindaji mwaka 1896, na eneo la Rufiji likawa miongoni mwa hifadhi za kwanza. Halafu vikaja vita vya Maji Maji, Julai 1905. Jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji na maghala ya nafaka, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Pasipo mkulima wa kufyeka, kichaka hurudi. Kichaka kikirudi huja mbung'o. Mbung'o akija ng'ombe hufa na watu huugua malale. Wanyamapori hawadhuriki kama sisi. Katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza, kwa sababu hiyo ya malale, ikawahamisha maelfu ya watu waliobaki upande wa Liwale, na mipaka ya hifadhi ikapanuka juu ya mahame yao.

Sasa tazama Namibia. Mwaka 1904 Wajerumani hao hao waliwasukuma Waherero katika jangwa la Omaheke wafe kwa kiu. Mwaka 1907, vita ile ikiwa bado haijakwisha, gavana von Lindequist akatangaza hifadhi iliyo Etosha ya leo. Namib imekauka kwa kazi ya bahari na upepo, lakini pori letu la kusini, kwa sehemu kubwa, limeoteshwa na vita. Nchi mbili, dola moja, miaka ile ile. Sijui kwa nini sikuyaunganisha mapema. Ramani zote mbili zilikuwa ukutani mwa ofisi yangu.

Sisemi hifadhi zifutwe. Tembo wa Selous walikuwa zaidi ya laki moja katika miaka ya 1970, na hesabu ya mwaka 2013 ilikuta kama 13,000 tu. Pasipo askari wa wanyamapori hata hao wasingekuwapo. Tangu mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na jina hilo nalipenda kuliko la kwanza. Selous mwenyewe alikuwa mwindaji wa Kiingereza aliyejulikana kusini mwa Afrika, akauawa vitani Beho Beho Januari 1917. Kaburi lake lipo huko huko, lina jina lake. Makaburi ya Wakutu hayana.

Mwaka 2024, treni ya umeme ilipoanza, nilimkuta yule msichana kituoni Ngerengere, sasa mama mtu mzima mwenye wajukuu. Alinishika shikamoo. Nikamwambia kwamba nina deni naye tangu Mikumi, kwamba bibi yake alisema kweli, na mimi nilimkosea mbele ya wenzake.

Alinitazama, akacheka. Hakukumbuka kuuliza swali lolote. Alichokumbuka ni twiga, na kwamba lori letu lilipata pancha Doma tukafika nyumbani usiku wa manane, na bibi alikuwa bado amekaa mlangoni akimngoja.