Usiku ulionyimwa picha: sinema ilivyofika Garissa na Bura

Wazee wa Kenya wakikaa kutaja majumba ya sinema ya zamani, hawakosi majina. Mombasa watakutajia Regal, Majestic, Naaz na Lotus. Nairobi watakutajia Odeon, Cameo, Embassy, na Shan pale Ngara. Mazungumzo hayo hayafiki Garissa, wala hayavuki Mto Tana kwenda Bura. Wengi hudhani sababu ni jua kali na umbali. Sababu kubwa zaidi ni kwamba sinema ni biashara ya usiku, na watu wa Kaskazini Mashariki walikaa miaka mingi bila kuachiwa usiku wao.

Tuanze Pwani, ambako biashara hii ilishika mizizi. Unguja, jumba la Royal lilifunguliwa mwaka 1921 kwa juhudi za mfanyabiashara Hassanali Jariwalla, kwa mchoro wa J. H. Sinclair, yule yule aliyesanifu majengo mengi ya serikali ya kisiwa hicho. Baada ya jengo kuungua, lilijengwa upya katika miaka ya 1950 na kuitwa Majestic. Filamu za Kihindi ndizo zilizojaza viti. Awara ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957 zilipendwa na watu wasiojua hata neno moja la Kihindi. Jumapili jioni ilikuwa siku ya familia: wake kwa waume walivaa vizuri, tiketi zikaisha mapema, walanguzi wakapandisha bei. Nakala moja ya filamu iliweza kuonyeshwa katika majumba mawili usiku mmoja, mpanda baiskeli akikimbiza mikebe ya mikanda kutoka jumba hili hadi lile.

Ili starehe hiyo iwepo, ilihitajika bandari ya kuingizia filamu, umeme, mwenye mtaji, na barabara ambayo mtu angeweza kuirudia saa nne za usiku bila kuulizwa anatoka wapi.

Kaskazini hali ilikuwa nyingine. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni ilitangaza Wilaya ya Mpakani ya Kaskazini, iliyojumuisha Garissa, kuwa eneo lililofungwa. Mgeni hakuingia bila kibali, na sheria ya mwaka 1934 ikaongeza mamlaka ya kudhibiti hata safari za wenyeji wenyewe. Tajiri wa Mombasa angeanzaje kujenga ukumbi wa mamia ya viti mahali ambapo yeye na wateja wake walihitaji ruhusa ya kutembea?

Uhuru nao haukuleta nafuu. Tarehe 28 Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya bendera kupandishwa, hali ya hatari ilitangazwa Kaskazini Mashariki. Vita vya Shifta, vilivyopiganwa huko, vilimalizwa kwa mapatano ya Arusha mwaka 1967, lakini sheria za hali ya hatari zilibaki hadi Novemba 1991. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, sehemu za mji zilichomwa na wakazi wakakusanywa na kuzuiliwa katika uwanja wa shule ya msingi. Katika mazingira kama hayo, mkusanyiko wa watu gizani ulikuwa jambo la kutiliwa shaka.

Ng'ambo ya mpaka, nchini Somalia, Mogadishu ilikuwa na majumba ya sinema tangu enzi za Waitaliano, na mwaka 1967 ikapata Ukumbi wa Taifa uliojengwa kwa msaada wa China. Lugha ni ile ile ya Kisomali na koo ni zile zile, lakini upande mmoja watu walikata tiketi, upande wa pili walikatiwa kafyu.

Mashambani Afrika Mashariki, picha zilifika kwa gari. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa Waingereza wenye makao Vugiri, katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za mafunzo kuhusu kilimo, afya na akiba, kisha ukazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Idara ya Filamu ya Makoloni ilichukua mbinu hiyo kueneza habari za vita. Baada ya uhuru, Wizara ya Habari ya Kenya iliendelea nayo. Mchana gari lilizunguka na kipaza sauti kutangaza onyesho. Jioni jenereta ikawashwa, kitambaa cheupe kikatandazwa, na projekta ya milimita 16 ikaanza kunguruma. Kiingilio hakikuwepo, kwa hiyo mtazamaji hakuwa na la kuchagua. Alitazama alichopangiwa.

Bura ilipata sura mpya pale mradi mkubwa wa umwagiliaji ulipoanzishwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mpango ulilenga hekta 6,700, na walowezi wa kwanza waliingia mwaka 1981 kutoka pembe nyingi za nchi kulima pamba. Gharama zilipaa, eneo lililolimwa likaishia karibu hekta 2,500, pampu zikalemaa, na kufikia mwisho wa muongo huo kilimo kilikuwa kimedorora. Hata hivyo, mradi uliacha vijiji vyenye watu wa makabila mbalimbali waliounganishwa na Kiswahili. Watu wa namna hiyo ndio hadhira ya video.

Deki ya video ilibadilisha hesabu zote. Mtaji ukawa televisheni, deki, jenereta ndogo, mabenchi, na ubao wa chaki mlangoni wenye jina la filamu ya leo. Madirisha yakizibwa, usiku hupatikana hata saa nane mchana. Kafyu ikakosa nguvu. Filamu za karate na za Kihindi zikatawala, kisha wakaja wasimulizi kama DJ Afro, ambaye hufunika sauti ya filamu kwa Kiswahili cha mtaani na vichekesho vyake. Hoja ya lugha ikaisha. Wapo viongozi wa dini na wazazi waliolalamika kwamba vibanda hivi vinawaharibu watoto na kuwatoa madarasani, na lalamiko hilo halikuwa bure.

Mwaka 1991, ule ule ambao sheria za hali ya hatari zilifutwa Kenya, serikali ya Somalia ilianguka na kambi za Dadaab zikaanza kupokea wakimbizi. Miaka ya baadaye, shirika la FilmAid, lililoanzia kwa wakimbizi wa Kosovo mwaka 1999, lilileta skrini juu ya lori kambini humo na kuwafundisha vijana kutengeneza filamu zao wenyewe.

Usalama haujawahi kuwa mbali na hadithi hii. Juni 2014, wavamizi walioushambulia mji wa Mpeketoni waliwakuta watu wakitazama Kombe la Dunia, wakawaua. Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, kafyu ilirudi Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Leo kijana wa Bura hutazama filamu ya Kihindi iliyotiwa sauti ya Kisomali akiwa peke yake na simu. Amepata uhuru wa kuchagua ambao wazee wake hawakuupata mbele ya gari la serikali. Amekosa kucheka pamoja na jirani.

Hilo laweza kurekebishwa bila jumba la mamilioni. Garissa ndiyo iliyoanza kupeleka vitabu kwa ngamia mwaka 1996, na tangu 2019 ina mtambo wa sola wa megawati 50. Projekta moja na ukuta uliopakwa chokaa si mzigo mzito kwa eneo lenye rekodi hiyo. Serikali za kaunti za Garissa na Tana River, pamoja na maktaba zao, zianze kuonyesha filamu za vijana hadharani, na wakati huo huo ziwarekodi wazee walioona gari la sinema, kabla kumbukumbu hizo hazijazikwa nao.