Profesa Aliyewarudisha Vijana kwa Wazee

Ndugu wana-Mbuchi, mwaka huu tunamkumbuka mtu ambaye hakuzaliwa kwetu wala Tanzania, lakini kazi yake inatugusa: marehemu Profesa Terence Ranger.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1929. Mwaka 1957 alikwenda kufundisha historia Rhodesia ya Kusini, akaungana na waliopinga ubaguzi, na mwaka 1963 serikali ya walowezi ikamfukuza. Chuo cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa 1961, kikampokea kuwa profesa wake wa kwanza wa historia. Alifundisha hapo hadi 1969.

Enzi hizo historia ya Afrika iliandikwa zaidi kama habari za wageni. Hata sisi wa delta twajua hivyo. Ulimwengu unaitambua Rufiji kwa manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye mito yetu ikaangamia Julai 1915. Mizinga yake imehesabiwa na nahodha wake anatajwa, ila wenyeji wa visiwa hivi ni nadra kutajwa kwa majina.

Idara aliyoiongoza Ranger ilishika njia nyingine. Mwaka 1968 wanafunzi walipelekwa vijijini na madaftari, wakawahoji wazee juu ya Vita vya Maji Maji. Mwaka huohuo John Iliffe na Gilbert Gwassa walitoa kitabu kidogo kilichoweka maneno ya wazee kando ya nyaraka za Wajerumani. Ngarambe alikoishi Kinjikitile Ngwale, na Mohoro, jirani zetu, aliponyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vikapata kusimuliwa na watu wa huku wenyewe.

Waliwahi. Aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza alikuwa na miaka 78 wanafunzi walipobisha hodi. Wangechelewa miaka ishirini, wangekuta makaburi.

Baada ya Dar es Salaam, Ranger alifundisha Marekani na Uingereza. Alistaafu Oxford mwaka 1997, kisha akarudi Zimbabwe kufundisha tena. Mwaka 2004 aliandika kuonya juu ya historia inayokatwakatwa ili iwapendeze watawala. Alifariki Januari 2015, akiwa na miaka 85.

Sasa tupige hesabu yetu. Mwaka uleule wa 1968 mafuriko yalilikumba bonde la Rufiji, na watu wengi wakahamishwa kutoka mashamba yao ya mtoni kwenda vijiji vya ujamaa. Aliyekuwa na miaka 15 wakati huo leo amevuka sabini. Wapo wanaokumbuka nani alilima wapi, mpunga gani uliota kwenye maji ya chumvi, boriti za mikoko zilipakiwa vipi majahazini. Kila mwaka tunawazika wachache.

Kwa hiyo mwaka huu, pamoja na mchango wako wa fedha, tunaomba mchango wa pili. Ukienda nyumbani, kaa na babu au bibi yako, uliza, kisha andika au rekodi kwa simu. Taja jina lake, kijiji na tarehe. Usimsahihishe, na yasiyotusifu uyaandike pia. Madawati tukiyakosa mwaka huu, tutachangishana tena mwakani. Mzee akiondoka na maneno yake, hakuna harambee ya kumrudisha.