Jinsi ya kutambua vipuri vya haidroli vya ndege za kale za vita

Kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh haiko mbali na Majengo, jijini Nairobi. Kuanzia Novemba 1953 hadi 1955, ndege za Uingereza aina ya Avro Lincoln ziliruka kutoka huko kwenda kuwashambulia kwa mabomu wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Historia hiyo yaweza kumshawishi mchuuzi wa vyuma chakavu kwamba kila pampu ya kale aliyo nayo ilitoka kwenye Lincoln. Asiwe na haraka.

Lincoln, yenye injini nne za Merlin, ilitumia shinikizo la mafuta kukunja magurudumu, kushusha vibawa vya kutua na kufungua milango ya mabomu. Lakini ndege ndogo za Harvard, ambazo pia zilitumiwa katika vita hivyo, zilikuwa na haidroli, na Dakota za abiria na mizigo vilevile.

Anza na maandishi. Safisha kipuri kwa mafuta ya taa na kitambaa; msasa hufuta ushahidi. Taji juu ya herufi AM ni alama ya Wizara ya Anga ya Uingereza. Herufi AN mbele ya nambari ni za vipimo vya majeshi ya Marekani. Viungio vya AN vya alumini kwa kawaida ni vya rangi ya samawati, na vya feleji ni vyeusi.

Kisha pima thredi. Za Kiingereza cha zamani zina pembe ya digrii 55, za Marekani 60. Mdomo wa kiungio cha AN una pembe ya digrii 37, lakini viungio vingi vya matrekta na tingatinga vina pembe iyo hiyo. Wengi hudanganyika hapo: pembe peke yake haithibitishi lolote.

Mipira ya ndani nayo husema. Mifumo ya awali ya Uingereza ilitumia majimaji ya mafuta ya nyonyo pamoja na mpira asilia, ambao huvimba ukikutana na mafuta ya petroli. Kwa hivyo usijaribu kipuri cha kale kwa mafuta ya jeki.

Hatari kubwa ni ile chupa nene ya kuhifadhi shinikizo. Ndani yake huwa na hewa au naitrojeni iliyoshindiliwa, na yaweza kulipuka ikikatwa kwa moto kabla ya kutolewa upepo. Magnesi, inayofanana na alumini, ikishika moto haizimwi kwa maji. Wanaoyeyusha vyuma ili kuunda sufuria wajihadhari.

Kipuri kisicho na hati hakirudishwi kwenye ndege inayoruka, hata kiking'aa vipi. Mnunuzi wake ni jumba la makumbusho au mkusanyaji, na bei hutegemea ile nambari. Aidha, anayefanya biashara ya vyuma chakavu nchini Kenya sharti awe na leseni kwa mujibu wa sheria ya 2015.